Polikarpo: jina lililoletwa na kalenda

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Sakina, Arusha, lakini kwetu ni Kibosho. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wetu wa kwanza, na tumeambiwa ni wa kiume. Kwa mila zetu achukue jina la babu mzaa baba, yaani mzee wangu, ambaye anaitwa Polikarpo. Mke wangu ni Mlutheri wa Machame. Anasema jina hilo halimo kwenye Biblia, ni la kizee, na shuleni wenzake watamwita Polisi. Anataka mtoto aitwe Ethan, na Polikarpo liwe jina la pili. Ukweli ni kwamba hata mimi sijawahi kukutana na mtoto anayeitwa hivyo. Jina hili lilitoka wapi, limepotelea wapi, na unatushauri nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hongereni, na Mungu amjalie mama ajifungue salama. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma vitabu vya ubatizo vya parokia za mlimani Kilimanjaro na kufuatilia majina yaliyomo. Jina la mzee wako ni mojawapo ya yale ninayoyaona yakizeeka pamoja na wenye nayo, na ningeumia kuona linaisha hata wajukuu hawajui lilikuwa la nani.

Tuanze na mke wako, maana ana hoja. Polikarpo hayumo kwenye Biblia. Ethan yumo: ni yule Ethani Mwezrahi aliyetajwa kwenye kitabu cha kwanza cha Wafalme kwa hekima yake, na Zaburi ya 89 ina jina lake juu. Kwa hiyo asionekane kama mtu anayetaka jina la kwenye televisheni tu. Lakini naye ajue kwamba Polikarpo amesimama mlangoni pa Biblia. Alikuwa askofu wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki, na Smirna ni mojawapo ya yale makanisa saba yanayoandikiwa kwenye Ufunuo. Irenei, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lyon huko Ufaransa, alimsikiliza Polikarpo akiwa kijana, na aliandika kwamba mzee huyo alifundishwa na watu waliomwona Bwana, Yohane akiwa mmoja wao. Ignasi wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, alimwandikia Polikarpo barua ambayo tunayo hadi leo. Tunayo pia barua ya Polikarpo mwenyewe kwa Wafilipi. Mtu huyu alikuwa kiungo kati ya mitume na kanisa lililofuata, na jina lake kwa Kigiriki ni la mtu mwenye matunda mengi.

Kifo chake ndicho kilichomfanya ajulikane, na ndicho hatimaye kilichomleta Kibosho, kwa hiyo nikisimulie. Ilikuwa katikati ya karne ya 2. Wengi wanataja mwaka 155 au 156. Askari walimfuata usiku kwenye nyumba ya shambani alikokuwa amefichwa na waumini. Aliagiza wapewe chakula na kinywaji, akaomba wamwachie saa moja asali. Alisali mbili. Walipomfikisha uwanjani, mbele ya umati, liwali wa Kirumi alimtaka amlaani Kristo aachiwe huru. Akajibu kwamba alikuwa amemtumikia kwa miaka 86 na hajawahi kukosewa naye lolote, sasa angemtukanaje Mfalme wake aliyemwokoa? Wakamchoma moto, na moto ulipochelewa kumwua wakamchoma kisu.

Kanisa la Smirna liliyaandika yote hayo kwenye barua kwa kanisa la Filomelio. Mwishoni wanasema waliikusanya mifupa yake na kuiweka mahali panapofaa, na kwamba watakusanyika pale kila mwaka kuiadhimisha siku ile. Hii ni kati ya habari za kale kabisa tulizonazo za Wakristo kumkumbuka shahidi kwa tarehe yake. Kutokana na desturi hiyo ndipo ilipokua kalenda nzima ya watakatifu, na kalenda hiyo ndiyo iliyowapa majina babu zetu.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao walikuwa Bagamoyo tangu 1868, walipanda mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwanza Kilema, kisha Kibosho mwaka 1893, wakati Mangi Sina, mtawala wa Kibosho, yungali hai. Kahawa ya mwanzo kule Kilema ilipandwa na haohao. Wengi wao walikuwa Wafaransa na watu wa Alsace, na kwao mtoto kupewa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa au aliyobatizwa lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mkatoliki wa Ufaransa hakuhitaji kuelezwa Polikarpo ni nani: Lyon, mji wa Irenei, hadi leo una kanisa lenye jina lake.

Baadaye desturi hiyo ikaungwa mkono na sheria. Kanuni za Kanisa za mwaka 1917 zilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishindwa kufanya hivyo, yeye mwenyewe aongeze la mtakatifu, na majina yote mawili yaandikwe kitabuni. Fikiria sasa baba wa Kibosho anayeshuka na mtoto mchanga, hana jina la Kizungu kichwani. Padre au katekista anafungua kalenda. Mtoto anapanda kurudi nyumbani akiwa Apolinari, Pantaleo, Sigfridi au Polikarpo.

Katika kalenda ile ya zamani, Polikarpo alikuwa Januari 26. Tazama majirani zake: Fabiani na Sebastiani tarehe 20, Agnesi 21, Vinsenti na Anastasi 22, Timoteo 24, Uongofu wa Paulo 25, Yohane Krisostomo 27. Ukikutana na ukoo wenye mzee Sebastiani, shangazi Agnesi na mzee Vinsenti, uliza walizaliwa lini, na usishangae ukiambiwa Januari. Mzee wako naye muulize. Kama alizaliwa au alibatizwa mwishoni mwa mwezi huo, umeshapata jibu la kwa nini yeye na si kaka yake. Nje ya kwetu mambo yalikuwa hivyohivyo: Polykarp Kusch, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1955, alizaliwa Ujerumani Januari 26, 1911, na baba yake alikuwa mchungaji. Si kila Polikarpo ni wa Januari, lakini. Kardinali Polycarp Pengo, ambaye kwa Watanzania wengi ndiye Polikarpo wa pekee wanayemjua, alizaliwa Agosti, na kwao ni Sumbawanga. Majina yalitolewa pia kwa heshima ya msimamizi, ya padre, au ya ndugu aliyetangulia.

Ukipata nafasi uende parokiani ukaombe kukiona kitabu. Vile vya zamani vimeandikwa Kilatini, kwa wino, kila mtoto na namba yake. Mtoto ameandikwa *Polycarpus*. Yanafuata majina ya wazazi, na hapo mara nyingi baba ana jina la Kichagga tupu, kisha msimamizi, kisha sahihi ya padre. Pembeni kuna nafasi nyembamba iliyoachwa wazi, ambamo baadaye, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, mtu ameongeza tarehe ya kipaimara, na chini yake ndoa: mwaka, parokia, jina la mke. Ile nafasi ya pembeni ndiyo ninayoipenda kuliko vyote. Kijana wa Kibosho aliyekwenda kufunga ndoa Tanga au Nairobi, taarifa yake ilirudishwa ikaandikwa ubavuni mwa jina lake la utotoni.

Ukurasa huohuo unaonyesha jambo la pili. Watoto wale hawakuacha majina ya nyumbani. Kanisani ni Polikarpo, kihambani, yaani nyumbani kwenye shamba la ukoo, ana jina la Kichagga alilopewa na wazee, na wapo wanaume wenye umri wa mzee wako ambao dada zao hawajawahi kuwaita kwa jina la ubatizo hata siku moja. Mila ya mjukuu wa kwanza wa kiume kuchukua jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, ilikuwapo kabla ya misheni. Kwa hiyo unaposema mtoto achukue jina la mzee, muulize mzee: lipi? Anaweza kukutajia jina ambalo hujawahi kulisikia. Hilo nalo ni jina lake, na pengine ndilo analotamani zaidi lirudi.

Sasa, limepotelea wapi? Watu husema limepotea kwa sababu ni gumu au ni la kizamani. Siamini. Kristofa si rahisi kuliko Polikarpo, Sebastiani ni la kale vilevile, na yote mawili yapo madarasani. Polikarpo limepungua kwa sababu mambo yaliyolileta yaliondoka moja baada ya jingine.

La kwanza ni sheria. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na hasa kwa Kanuni mpya za mwaka 1983, kinachotakiwa ni kwamba jina lisiwe kinyume na hisia ya Kikristo. Basi. Baraka anabatizwa Baraka, Furaha anabatizwa Furaha, na padre haongezi kitu. Lilikuwa jambo jema, nasema hivyo bila kinyongo, maana mtoto wa Kiafrika hakupaswa kuacha jina lake mlangoni pa kanisa. Lakini majina adimu yaliyokuwa yanategemea kalenda yalibaki bila mtu wa kuyatoa.

La pili ni kalenda yenyewe. Mwaka 1969 ilipangwa upya, na Polikarpo akahamishiwa Februari 23, tarehe inayolingana na ile barua ya Smirna na ambayo Wagiriki walikuwa wakiishika siku zote. Kwa historia ni sahihi. Kwa jina ilikuwa hasara, kwa sababu mara nyingi tarehe hiyo inaangukia ndani ya Kwaresima, na katika Kwaresima kumbukumbu za watakatifu wa namna hii hushuka hadhi na kupita kimyakimya. Mwaka 2023 ilikuwa siku moja tu baada ya Jumatano ya Majivu. Mwaka 2024 Kwaresima ilikuwa imeshaanza. Mwaka 2025 iliangukia Jumapili, na Jumapili inamfunika. Miaka mitatu mfululizo Mkristo wa kawaida angeweza kuhudhuria Misa siku hiyo asisikie neno Polikarpo.

La tatu ni Kiingereza. Majina yetu ya misheni yalikuja kwa sauti za Kilatini: Petro, Yohane, Aloisi, Paulo. Shule zilipokua na watu wakahamia mjini, Petro akawa Peter, Yohane akawa John, Aloisi akawa Aloyce. Jina lililokuwa na mwenzake maarufu kwa Kiingereza lilivuka. Polikarpo halikuwa na mwenzake, kwa sababu Waingereza wenyewe karibu hawalitumii. Liliachwa ng'ambo ya pili pamoja na Epimaki na Apolinari.

La nne ni karatasi, nami nalipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa. Zamani karatasi ya kwanza katika maisha ya mtoto wa mlimani ilikuwa cheti cha ubatizo, na jina lilizaliwa kanisani. Siku hizi muuguzi anauliza jina la mtoto mama akiwa bado kitandani, linaandikwa kwenye kadi ya kliniki, linakwenda RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na mtoto anapofika kwa padre miezi kadhaa baadaye jina limeshakauka. Kinachoamua ni kile ambacho baba na mama, wenyewe wawili, wamekipenda kabla ya siku ile. Na hapa mjini baba na mama mara nyingi ni kama ninyi, Mkatoliki na Mlutheri, wanaotafuta jina ambalo halitaudhi upande wowote. Wanaishia kwa Daniel, Brian au Ethan.

Mwambie mke wako kwamba kwao hasara ni ileile. Mwaka uleule wa 1893 mapadre walipoingia Kibosho, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliingia Machame. Walutheri hawakuwa na sheria ya jina la mtakatifu, kwa hiyo upande wao yalikua majina ya namna nyingine, mengi yakiwa na Eli ndani yake, jina la Mungu la Kiebrania likiungana na lugha ya nyumbani: Aikaeli, Elinami na mengine mengi. Aulize babu na bibi zake waliitwaje, kisha atafute watoto wangapi mtaani kwenu wanaitwa hivyo. Na kama anaona Polikarpo ni la Wakatoliki peke yao, kulikuwa na Polykarp Leyser (1552–1610), mwanateolojia mkubwa wa Kilutheri wa Ujerumani. Shahidi wa Smirna ni wa kwenu nyote wawili.

Nije kwenye ushauri. Mimi ningempa mtoto jina la Polikarpo, na ningelipa kama jina la kwanza. Najua mke wako amependekeza liwe la pili, na ni pendekezo la amani, lakini kwa utaratibu wetu jina la pili halina pa kukaa. Fomu ya shule, ya kitambulisho, ya mtihani, zote zina nafasi tatu: jina la kwanza, la kati, la ukoo. La kati ni la baba. Tuseme wewe unaitwa Festo. Mtoto ataandikwa Ethan Festo na ukoo wenu, na Polikarpo atakosa nafasi siku ya kwanza tu anapoandikishwa shule. Mkilazimisha aandikwe Ethan Polikarpo na ukoo, kila anayesoma ataelewa kwamba Ethan ni mtoto wa Polikarpo, yaani mdogo wako. Siku atakayohitaji kuthibitisha kwamba wewe ni baba yake, mtaanza kutafuta hati za kiapo.

Na hapa ndipo majina ya babu zetu yanapofia. Tazama jina lako wewe: Polikarpo yupo kwenye vyeti vyako vyote, katikati. Kwa mwanao anatoka. Kizazi kimoja jina linabebwa, kizazi kinachofuata linakaa katikati, cha tatu halipo. Ile mila ya kumpa mjukuu jina la babu inaokoa jina palepale lilipotaka kuanguka, mradi liwekwe mbele. Mtoto wenu akiwa Polikarpo Festo, mwanaye atakuwa fulani Polikarpo, na mna miaka mingine mingi.

Ethan si lazima life kwa sababu hiyo. Liwe jina la nyumbani, mama amwite hivyo tangu siku ya kwanza, na ndugu zake wote. Babu zetu waliishi na majina mawili bila shida yoyote. Tena mtoto wa pili wa kiume, kwa mila zilezile, ni wa babu mzaa mama, kwa hiyo upande wa Machame nao una zamu yake inayokuja. Hilo mlizungumze mapema, msisubiri wodini.

Kuhusu Polisi: watoto watamtania, ndiyo. Wanamtania kila mtu. Lakini utani wa jina hutegemea mtoto anaitwaje nyumbani, kwa sababu wenzake hushika kile wanachokisikia kwa mama yake. Mkimwita Poli, mnawapa mwanzo wa Polisi. Mwiteni Karpo. Ni fupi, halifanani na kitu cha kuchekesha, na mke wako atafurahi kulikuta kwenye Biblia: kwenye barua ya pili kwa Timoteo, sura ya 4, Paulo anaagiza aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa. Ni mtu mwingine, lakini jina limetoka kwenye mzizi uleule.

Akikataa kabisa baada ya kuyasikia haya, usimlazimishe. Yeye ndiye anayebeba mimba, na jina ambalo mama halitamki kwa mapenzi halimkai mtoto vizuri. Katika hali hiyo mpe mtoto jina la Polikarpo siku ya ubatizo, liandikwe kwenye kitabu cha parokia pamoja na lile la cheti cha kuzaliwa, na mzee aambiwe ana kwa ana na wewe mwenyewe, asisikie kwa majirani.

Mkikubaliana, kuna jambo moja la kufanya kabla ya mwezi kuisha. Jina hili huandikwa kwa namna nyingi: Polikarpo, Polykarp, Polycarp, Polikarp, hata Polikapo. Nimeona mtu mmoja akiwa na namna tatu kwenye vyeti vitatu, na kila ofisi ikimrudisha kwa nyingine. Chagueni moja. Mimi napendelea Polikarpo, kwa sababu linasomeka kama linavyotamkwa na karani hatakosea. Lakini kama vyeti vyako wewe vina Polycarp, tumieni Polycarp, ili babu, baba na mjukuu wafanane. Liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mama aende nayo hospitali kwenye mkoba wake pamoja na kadi ya kliniki, na yeyote atakayeulizwa jina la mtoto atoe karatasi hiyo badala ya kutamka.